Fahamu nambari tasa ya tarakimu 77 inayolinda siri za wakulima wa majani chai

MKULIMA wa majani chai wa Litein, Kaunti ya Kericho, akishapimiwa majani yake katika kituo cha kununulia, hupewa risiti ndogo inayoonyesha kilo alizoleta siku hiyo. Si ajabu siku hizi kumwona akiipiga picha risiti hiyo kwa simu yake na kuituma kwa WhatsApp kwa mwanawe aliyeko Nairobi, ama kwa ndugu anayemwekea hesabu ya mwezi.

Kabla picha hiyo haijaondoka, simu huifunga kwa ufunguo ambao simu mbili hizo pekee ndizo zinazoujua. Kampuni ya simu inayoisafirisha haioni ila mchanganyiko wa tarakimu usio na maana. Hata wenye WhatsApp hawawezi kuisoma. Utaratibu huo ulikamilishwa kwa watumiaji wote mnamo Aprili 2016.

Ufunguo huo hauletwi na mtu. Hupatikana kwa hesabu. Na hesabu yenyewe hufanywa juu ya nambari moja tu, ile ile kwa mkulima wa Litein, kwa dereva wa lori la majani huko Bomet na kwa waziri jijini Nairobi. Nambari hiyo ni hii:

57 896 044 618 658 097 711 785 492 504 343 953 926 634 992 332 820 282 019 728 792 003 956 564 819 949

Wanahisabati huiandika kwa ufupi 2²⁵⁵ − 19. Maana yake ni kwamba mbili 255 zimezidishwa pamoja, kisha 19 ikaondolewa katika jibu. Ina tarakimu 77, nayo ni nambari tasa.

Aliyeichagua ni Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka wa 2006 alichapisha makala kuhusu njia ya haraka ya kukubaliana ufunguo wa siri kwa kuitumia. Tangu hapo haijafichwa. Imo vitabuni na mitandaoni, na mtu yeyote anaweza kuinakili. Hilo ndilo linalowatatiza wengi wanapoisikia habari hii kwa mara ya kwanza: itakuwaje siri ilindwe kwa kitu ambacho kila mtu anakijua?

Jina lenye kasoro

Nambari tasa ni nambari kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 12 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 4. Wanafunzi hufundishwa kuwa tasa ni asiyezaa, nao huridhika.

Hata hivyo, jina hilo halitendi haki. Nambari tasa ndizo zinazozaa nyingine zote: kila nambari kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la nambari tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa njia moja tu. Ingefaa zaidi kuziita nambari zisizo na wazazi. Lakini jina limekwisha kuzoeleka, na makala haya yatalifuata.

Mgiriki Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa nambari tasa hazina mwisho. Miongo michache baadaye Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika nchi ambayo leo ni Libya, na aliyekuwa msimamizi wa maktaba kuu ya Alexandria, alibuni njia ya kuzitafuta. Huandikwa nambari zote kwa mpangilio, kisha hufutwa zinazogawanyika kwa 2, zinazogawanyika kwa 3, kwa 5, na kuendelea. Zinazosalia ni tasa. Njia hiyo huitwa chekecheo la Eratosthenes, na aliyewahi kuingia kiwanda cha chai cha Kericho au Bomet hatahitaji kuelezwa zaidi, kwani huko pia chai iliyokauka hupitishwa katika chekecheo moja baada ya jingine hadi BP1, PF1 na vumbi vitengane.

Afrika Mashariki na Kati ina kumbukumbu yake katika habari hii, ingawa yafaa kuisimulia kwa tahadhari. Mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, mfupa wenye chale zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Mstari mmoja una mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo nambari tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo wanaosema kuwa aliyezichonga alizijua nambari tasa. Ushahidi hautoshi kusema hivyo, maana dhana ya nambari tasa yahitaji kwanza dhana ya kugawanya, na mafungu manne ya chale hayasemi lolote kuhusu kugawanya.

Kwa nini 19?

Swali la maana kuhusu nambari ya Bernstein si ukubwa wake. Zipo kubwa mno kuliko hiyo. Mnamo Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani alipata nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ikichapishwa tarakimu 5,000 kwa kila ukurasa, itajaza kurasa zaidi ya 8,200. Haina kazi yoyote katika simu.

Swali ni kwamba, kwa nini ikaondolewa 19, wala si 1, 3, 7 au 200? Katika ulinzi wa siri, nambari iliyochaguliwa bila sababu iliyo wazi hutiliwa shaka, kwani huenda aliyeichagua anajua udhaifu wake naye ameuweka makusudi. Mkulima huiamini mizani akiwa anaweza kuisoma mshale au tarakimu zake kwa macho yake. Akifichwa, hata mizani iliyo sahihi haitaaminiwa. 19 inaweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi, na ukaguzi wenyewe ni huu.

Bernstein alitaka nambari tasa iliyo jirani mno na 2²⁵⁵. Kwa hiyo mtu ashuke kutoka 2²⁵⁵ akitafuta ya kwanza iliyo tasa. Akiondoa nambari shufwa, yaani 2, 4, 6 na nyinginezo, jibu litakuwa shufwa na litagawanyika kwa 2. Zinabaki witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15 na 17, kabla ya kufika 19.

Ili kuzikagua hakuna haja ya kuandika tarakimu 77. Yatosha kujua 2²⁵⁵ huacha baki gani. Ukiigawanya 2 kwa 3 baki ni 2. 4 kwa 3 baki ni 1. 8 kwa 3 baki ni 2. 16 kwa 3 baki ni 1. Mabaki hupokezana 2, 1, 2, 1 bila kukoma. Kwa kuwa 255 ni witiri, 2²⁵⁵ ikigawanywa kwa 3 huacha 2. Basi ukiondoa 5 umeondoa 2 na 3 nzima, na linalobaki linagawanyika kwa 3. Ni hivyo hivyo kwa 11 na kwa 17. Tatu zimeanguka kwa mpigo mmoja.

Kwa 5, mabaki huzunguka kwa mafungu ya manne: 2, 4, 3, 1. 255 ni mafungu 63 ya manne na 3 zaidi, kwa hiyo baki ni la tatu katika mzunguko, yaani 3. Ukiondoa 3, au ukiondoa 13, jibu linagawanyika kwa 5. Kwa 7, mzunguko ni 2, 4, 1, na 255 ni mafungu 85 kamili ya matatu. Baki ni 1. Hapo zinaanguka 1 na 15.

Imebaki 7 na 9. Mzunguko wa 17 una hatua nane: 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1. 255 ni mafungu 31 ya manane na 7 zaidi, na la saba ni 9. Kwa hiyo 2²⁵⁵ − 9 inagawanyika kwa 17.

7 ndiyo iliyo sugu. 2²⁵⁵ − 7 haigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, wala 11, na mtu akiendelea kujaribu nambari tasa moja moja atapita 50 na hata 100 bila kufaulu. Huenda akakata tamaa na kudhani amepata kosa la Bernstein. Nambari tasa ya kwanza inayoigawanya ni 107. Ikigawanywa kwa 107, 2⁷ huacha 21; 2¹⁴ huacha 13; 2²⁸ huacha 62; 2⁴² huacha 57; na 2⁴³ huacha 7. Kwa kuwa 107 ni tasa, mabaki hurudi mwanzo baada ya hatua 106, na 255 ni mara mbili 106 na 43 zaidi. Basi 2²⁵⁵ pia huacha 7, na 7 ikiondolewa hakuna baki.

Ndiyo sababu ni 19, ambayo Mkipsigis huiita taman ak sokol, kumi na tisa. Hakuna aliyeipendelea. Kila iliyotangulia ilikwisha kuanguka katika chekecheo.

Ukaguzi ukiendelea hatua moja mbele, 2²⁵⁵ − 21 inagawanyika kwa 11. Na kwa kuwa 2²⁵⁵ − 17 inagawanyika kwa 3, nambari hii haina pacha, yaani nambari tasa iliyo mbali nayo kwa 2 tu kama zilivyo 11 na 13, au 17 na 19. Upweke huo si ajabu. Kanuni iliyothibitishwa mwaka wa 1896 na Jacques Hadamard wa Ufaransa na Charles de la Vallée Poussin wa Ubelgiji yaonyesha kuwa katika ujirani wa nambari za ukubwa huu, ni takriban moja tu kati ya 177 iliyo tasa.

Uthibitisho

Kuonyesha kuwa zilizotangulia si tasa ni jambo moja. Kuonyesha kuwa hii ni tasa ni jambo jingine, na hapo kalamu haitoshi.

Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuanza. Inaishia na 9, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Tarakimu zake zote zikijumlishwa ni 376, na 376 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo nambari yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Lakini kuendelea hivyo hadi mwisho kungedai kujaribu vigawanyo hadi vile vya tarakimu 39, kazi ambayo tarakilishi zote za dunia zikiunganishwa haziwezi kuimaliza.

Njia ya mkato ilitoka kwa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kama burudani. Mwaka wa 1640 aliandika kuwa nambari ikiwa tasa, basi nambari yoyote isiyogawanyika nayo, ikipandishwa kwa kipeo kilicho pungufu kwa 1 kuliko nambari tasa hiyo, huacha baki la 1. Kwa mfano 7 ni tasa, na 2⁶ ni 64, ambayo ni 63 na 1 zaidi.

Sharti hilo peke yake linaweza kudanganya, kwa kuwa zipo nambari zisizo tasa zinazolitimiza. Lakini likiongezewa elimu ya vigawanyo vya nambari iliyo pungufu kwa 1, huwa uthibitisho kamili. Kwa nambari hii, elimu hiyo ipo: 2²⁵⁵ − 20 ni zao la 4, 3, 65,147 na nambari tasa moja ya tarakimu 71. Tarakilishi ya kawaida hukamilisha uthibitisho huo kufumba na kufumbua.

Yapo pia mambo yanayopendeza ambayo mtumiaji wa simu hayahisi kabisa. Ikigawanywa kwa 4, nambari hii huacha 1. Fermat alidai, na Leonhard Euler wa Uswisi akathibitisha katika karne ya 18, kuwa kila nambari tasa ya namna hiyo ni jumla ya miraba miwili, kwa njia moja tu, kama 13 ilivyo 4 na 9, na 29 ilivyo 25 na 4. Kwa hiyo 2²⁵⁵ − 19 ni jumla ya miraba miwili. 19 yenyewe haiwezi: ikigawanywa kwa 4 huacha 3.

Ujirani na 2²⁵⁵ una faida gani?

Simu haifanyi kazi kwa mia na elfu bali kwa 2 na vipeo vyake. Nambari iliyo karibu mno na kipeo cha 2 huirahisishia kazi, na hilo huonekana vyema kwa mfano mdogo wa nambari zetu za kawaida.

Chukua 97, ambayo ni tasa, nayo ni 100 kasoro 3. Mtu akitaka baki la 2,345 kwa 97, hana haja ya kugawanya. Kila mia ina 97 moja, na kuacha 3. Katika 2,345 mna mia 23. 23 mara 3 ni 69. 69 ukiongeza 45 ni 114. Katika 114 mna mia moja, inayoacha 3. Ukiongeza 14 unapata 17. Baki ni 17, na hakuna kilichogawanywa.

Simu hufanya vivyo hivyo. Ikizidisha nambari mbili kubwa na kupata jibu la tarakimu 154, hulikata vipande viwili, cha juu ikakizidisha kwa 19 na kukijumlisha na cha chini. Kuzidisha kwa 19 ni kazi ndogo. Aidha, nambari yote hutoshea katika baiti 32, na nafasi moja ikabaki. Kwa simu ya bei nafuu, yenye betri inayotakiwa kudumu hadi jioni, tofauti hiyo si ndogo.

Siri ndani ya hesabu iliyo wazi

Sasa lile swali la mwanzo. Mwaka wa 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walitangaza jinsi watu wawili wasiowahi kukutana wanavyoweza kukubaliana siri huku kila mtu akiwasikiliza. Mfano ufuatao unatumia nambari tasa 19 badala ya ile kubwa, na 2 kama nambari ya kuanzia. Zote mbili zinajulikana na kila mtu.

Mama aliyeko Litein anachagua siri yake, 7. 2⁷ ni 128, ikigawanywa kwa 19 baki ni 14. Anatuma 14. Mwanawe aliyeko Nairobi anachagua 5. 2⁵ ni 32, baki ni 13. Anatuma 13.

Mama anaichukua 13 na kuizidisha mara 7 kwa siri yake, na kila mara anaondoa 19 zote zilizomo; anapata 10. Mwana anaichukua 14 na kuizidisha mara 5. Naye anapata 10. Wote wawili wana 10, ambayo haikutumwa kamwe. Aliyesikiliza ana 14 na 13 tu, na ili aipate 10 hana budi kujua 14 ilitokana na kipeo kipi cha 2.

Kwa 19 atajaribu vipeo vyote kwa dakika chache. Ajabu ni kwamba hata kwa nambari ya tarakimu 77, hesabu ikifanywa kwa njia hii ya kawaida, wataalamu huweza kuufumbua ufunguo. Wanaotumia njia hiyo hulazimika kuchukua nambari tasa za tarakimu 617 na zaidi.

Kilichookoa ni ugunduzi wa mwaka wa 1985, ambapo Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, walipendekeza kuwa badala ya kuzidisha nambari, zijumlishwe nukta za mlinganyo maalumu. Wa Bernstein ni y² = x³ + 486662x² + x, na hesabu zote hufanywa kwa mabaki ya 2²⁵⁵ − 19. Nukta ya kuanzia ina x sawa na 9. Hata 486,662 ilipatikana kwa kanuni iliyotangazwa: ni ndogo kuliko zote zilizotimiza masharti ya usalama aliyoyaweka. Idadi ya nukta ni 8 mara nambari tasa nyingine, ya tarakimu 76.

Katika uwanja huo, njia bora inayojulikana ya kuufumbua ufunguo kwa tarakilishi za kawaida hudai hatua zinazokaribia 2¹²⁵, nambari ya tarakimu 38. Mtambo unaopiga hatua trilioni moja kwa sekunde ungehitaji zaidi ya miaka bilioni moja mara bilioni moja.

Ikumbukwe kuwa nambari hii haiufungi ujumbe wenyewe. Kazi yake ni kuzipatia simu mbili ufunguo; kufunga hufanywa kwa utaratibu mwingine ulio mwepesi zaidi, na ufunguo hubadilishwa tena na tena mazungumzo yanapoendelea.

Imani na mashaka

Kwa miaka kadhaa kazi ya Bernstein ilijulikana na wataalamu tu. Mambo yalibadilika mwaka wa 2013, nyaraka zilizofichuliwa na Edward Snowden zilipozidisha shaka kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa na mkono katika njia moja ya kuzalisha nambari za siri iliyopitishwa na taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST. Taasisi hiyo iliiondoa njia hiyo mwaka wa 2014.

Milinganyo mingine ya NIST, ambayo pia inatumika kote duniani, ilitokana na nambari ndefu zisizoelezwa zilitoka wapi. Hakuna aliyewahi kuonyesha kuwa ina udhaifu. Lakini waundaji wa programu walianza kuipendelea ile ambayo kila tarakimu yake ina sababu inayoweza kukaguliwa. Mnamo Januari 2016 ilichapishwa kama utaratibu wa intaneti, na Februari 2023 NIST yenyewe iliiingiza katika orodha yake.

Mahali kinga inapoishia

Mkulima wa Mogogosiek au Kapkatet atakuwa amekosea akidhani kuwa nambari hii inamkinga popote. Ujumbe mfupi wa kawaida, SMS, haulindwi nayo. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mnamo Machi 2007, huja kwa njia hiyo ya SMS. Tapeli anayepiga simu msimu wa bonasi na kujifanya afisa wa kiwanda hahitaji kuvunja hesabu yoyote. Anachohitaji ni mkulima ataje nambari yake ya siri. Na simu iliyoachwa mezani bila kufungwa inaweza kusomwa na yeyote aliye karibu.

Kuna hatari nyingine iliyo ya kihisabati zaidi. Mama na mwanawe katika mfano ule walitumiana 14 na 13. Mtu aliyekaa katikati anaweza kuzizuia zote mbili, akampa kila mmoja nambari yake mwenyewe, na hivyo akawa na ufunguo na kila upande bila wao kujua. 2²⁵⁵ − 19 haiwezi kuliona hilo. Ndiyo sababu WhatsApp huonyesha, ndani ya maelezo ya kila anayewasiliana nawe, tarakimu 60 za uhakiki. Watu wawili wakikutana ana kwa ana, kwa mfano nyumbani wakati wa likizo ya Desemba, wanaweza kuzilinganisha. Zikiwa sawa kwenye simu zote mbili, hakuna aliyejiingiza. Ni wachache wanaofanya hivyo.

Tishio kubwa linatoka kwingine. Mwaka wa 1994 Peter Shor wa Marekani alionyesha kuwa tarakilishi ya kwanta, inayotumia kanuni za chembe ndogo mno za maumbile, ikijengwa kwa ukubwa wa kutosha itaweza kuufumbua ufunguo wa namna hii kwa muda mfupi. Ukubwa huo bado haujafikiwa. Shida ni kwamba ujumbe unaweza kunaswa na kuhifadhiwa leo ukiwa umefungwa, usubiri siku mtambo huo utakapopatikana. Risiti ya kilo za majani haitakuwa na thamani kwa yeyote wakati huo. Picha ya hatimiliki ya shamba, au habari za ugonjwa, ni jambo jingine.

Kwa sababu hiyo NIST ilitoa mnamo Agosti 2024 viwango vipya visivyotegemea hesabu za aina hii. Programu ya Signal, ambayo ndiyo chimbuko la utaratibu unaotumiwa na WhatsApp, ilianza kuchanganya njia mpya na ya zamani mnamo Septemba 2023, na kivinjari cha Chrome kikaanza kutumia kiwango kipya mwishoni mwa 2024. Katika programu hizo mbili 2²⁵⁵ − 19 haikuondolewa. Ufunguo hutengenezwa kwa njia zote mbili pamoja, ili anayetaka kuufumbua alazimike kuzishinda zote, kwa kuwa njia mpya haijapitia miaka mingi ya kushambuliwa na wanahisabati kama ya zamani ilivyopitia.